Kidonda Cheusi cha Mdoe

Mwaka 1976 mvua zilichelewa kufika Kwamtogo, kijiji cha Ujamaa kilicho kando ya barabara ya Handeni kwenda Korogwe. Zilipofika, hakuna aliyekaa ndani. Kila asubuhi Zamda alipika uji wa mtama, akawagawia watoto, na ule uliobaki akautia kwenye ndoo ndogo kwa ajili ya mumewe. Kisha alichukua jembe, akaufuata mstari wa watu waliokuwa wakienda shamba la kijiji.

Kijiji kilikuwa na maksai wawili wa kulimia. Siku walipoletwa, mwenyekiti aliwapa majina mbele ya watu wote. Mmoja alimwita Uhuru, mwingine Kazi. Uhuru alikuwa mweusi, mnene, na alipenda sana kusimama. Kazi alikuwa mwekundu, mwembamba, na ndiye aliyevuta plau. Watu walilicheka jambo hilo, lakini walicheka polepole mwenyekiti akiwa karibu.

Mume wa Zamda aliitwa Mdoe. Yeye ndiye aliyeshika plau. Rafiki yake Mbaruku alitangulia mbele akiwaongoza maksai. Mdoe alikuwa pia mchinjaji wa kijiji, na alisifika kwa mbio. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, Mwislamu hamli. Kwa hiyo mnyama yeyote alipoanguka, watu walipiga kelele kumwita Mdoe, naye alikimbia na kisu. Akimkuta angali na roho, nyama ilikuwa halali. Akichelewa, nyama ilikuwa ya fisi. Watu wa Kwamtogo waliuliza swali moja tu: kisu kimewahi au hakikuwahi? Kwa nini mnyama ameanguka, hilo halikumshughulisha mtu.

Siku moja, saa nne asubuhi, Kazi alisimama katikati ya tuta. Alitetemeka. Alipiga magoti, kisha akaanguka ubavu. Damu ilimtoka puani. Mdoe aliacha plau, akachomoa kisu kiunoni, akataja jina la Mungu, akachinja. Kisu kiliwahi.

Zamda alikuwa amefika na ndoo ya uji. Aliiona damu. Ilikuwa nyeusi kama lami, na haikuganda. Aliuliza mbona damu hii iko hivi. Mbaruku alimjibu kwamba huyo ni nyoka tu, amemgonga mguuni. Wote wakakubali ni nyoka. Lilikuwa jibu rahisi, na nyama ilikuwa nyingi. Tangu kiangazi kianze, hakuna nyumba iliyokuwa imepika nyama pale kijijini.

Mzee Sadala, baba mkubwa wa Mdoe, alikuwa msimamizi wa mifugo ya kijiji. Alitoa agizo moja. Habari hii isimfikie Dunstan, bwana mifugo, kwa sababu Dunstan angekuja na mafuta ya taa na kuichoma nyama yote mbele ya macho yao. Akiuliza, aambiwe Kazi alivunjika mguu. Hakuna aliyebisha. Wanaume walimchuna Kazi hapo hapo shambani, wakagawa mafungu arobaini na mawili, moja kwa kila kaya. Mbaruku alibeba paja zima begani mpaka kijijini, akiimba.

“Sasa tumebaki na Uhuru bila Kazi,” mtu mmoja alisema. Watu walicheka sana, kwa sababu siku hiyo mwenyekiti alikuwa amekwenda Handeni mkutanoni.

Wakati wa kuchuna, ncha ya mfupa ilimkwaruza Mdoe mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Alijifuta kwa jani, akaendelea.

Siku ya tatu kilitokea kipele kwenye ule mkwaruzo. Kiliwasha kama alama ya mbu. Siku ya nne kikawa lengelenge. Siku ya tano lengelenge lilipasuka, na katikati pakawa peusi, peusi kabisa, kama kipande cha mkaa kilichobandikwa kwenye ngozi. Cha ajabu, hakikuuma. Mdoe alikibonyeza kwa kidole mbele ya watu, akasema jipu lake lina aibu, halithubutu kuuma. Mzee Sadala alileta mizizi ya kupaka.

Siku ya sita Mdoe aliamka na homa. Mkono ulikuwa umevimba kutoka kidoleni mpaka begani. Zamda aliutazama kwa muda mfupi tu.

“Baba Mwaija, vaa shati. Tunakwenda hospitali.”

Mdoe alisema wangoje kesho, kwa kuwa leo ilikuwa zamu yake ya kulinda shamba.

“Kesho huo mkono hautaingia kwenye shati,” Zamda alisema.

Aliwaacha watoto kwa mama mkwe wake. Walisimama barabarani, na gari la Korogwe likatangulia kupita kuliko la Handeni, wakapanda hilo. Njiani Mdoe alimnong’oneza mkewe kwamba wakiulizwa waseme ni mwiba. Ng’ombe alikuwa mali ya kijiji, mzee ameshatoa agizo, na yeye Mdoe hakutaka kuwa mtu aliyewapeleka wenzake polisi. Zamda aliupakata ule mkono uliovimba usigonge kiti.

Hospitalini walipokewa na Daktari Eliasi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini. Aliupima mkono, akaupima moto wa mwili, akauliza maswali mengi. Je, Mdoe alikuwa ameshika mnyama mgonjwa? Amechuna ngozi? Amegusa mzoga? Mdoe alijibu hapana kwa kila swali. Alisema alichomwa na mwiba wa mgunga. Daktari alimgeukia Zamda. Zamda alitazama sakafu. Alilelewa kwamba mke hamkatalii mumewe mbele ya watu.

Daktari alisema kidonda kinafanana na jipu kubwa. Kama ni jipu, kesho saa mbili asubuhi angelipasua na kutoa usaha. Lakini hakupenda kupasua kitu asichokijua. Kwanza kidonda kipimwe maabara.

Maabara ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa baraza. Ndani yake alifanya kazi Grasiana Mhina, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na yeye alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge hapo hapo Korogwe. Alisomea kazi hii Dar es Salaam, akarudi kwao.

Zamda alitazama kila alichokifanya. Grasiana alivaa glavu. Aliinua ukingo wa lile gamba jeusi kwa koleo dogo, polepole, wala hakulibandua. Alichukua majimaji ya chini yake kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Alipaka majimaji kidogo kwenye kipande cha kioo. Yaliyobaki aliyapaka kwenye visahani viwili vyenye mifuniko, ambavyo ndani vilikuwa na kitu chekundu kilichoganda. Kijiti akakitia kwenye chupa ya dawa. Hakuweka kitu chochote ovyo, wala hakugusa uso wake hata mara moja. Kisha aliwaambia wakae nje, akafunga mlango.

Mdoe alipelekwa wodini. Zamda alibaki kwenye benchi la baraza. Hazikupita dakika arobaini, mlango ukafunguka. Grasiana alikuja akaketi karibu yake.

“Dada, kwenu amekufa nani?”

“Hajafa mtu.”

“Sikuulizi mtu.”

Muuguzi alipita na ndoo, akapotea kwenye kona.

“Nani amekuambia?” Zamda aliuliza mwishowe.

“Wamesema wenyewe. Njoo uwaone.”

Karibu na dirisha palikuwa na hadubini, chombo chenye vioo vya kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Grasiana alimwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Mwanzoni Zamda aliona ukungu tu. Grasiana akazungusha kitu pembeni, na ghafla ukungu ukatulia. Zamda aliona vijiti vya buluu. Vilikuwa vimeungana ncha kwa ncha, vitatu, vinne, vinane, kama mabehewa ya treni iliyosimama stesheni. Kila mstari ulizungukwa na utando wa rangi ya waridi.

Grasiana alimweleza. Vijiti vile ni bakteria, yaani viumbe hai vidogo mno. Rangi aliwapaka yeye, ili waonekane. Bakteria wako wa aina nyingi, na wengi hawana ubaya wowote, lakini hawa wenye ncha zilizokatwa na utando wa waridi huleta ugonjwa uitwao kimeta. Kimeta huua ng’ombe, mbuzi na kondoo kwa ghafla. Damu ya mnyama huwa nyeusi, haigandi. Mtu hukipata kwa kumchuna mnyama huyo, kwa kumla, au kwa kushika ngozi yake.

“Hawa hawakai kwenye mwiba wa mgunga,” Grasiana alisema. “Kwa hiyo nakuuliza tena. Mnyama gani?”

Hapo Zamda alisema yote. Alimtaja Kazi, damu ya lami, mafungu arobaini na mawili, agizo la mzee, na paja begani kwa Mbaruku. Grasiana hakumkaripia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akatoka mbio kumtafuta daktari.

Dakika kumi baadaye Daktari Eliasi alisimama kando ya kitanda cha Mdoe. Alisema upasuaji wa kesho umefutwa. Kidonda cha kimeta hakipasuliwi wala hakikamuliwi, kwa kuwa kisu huweza kuwasukuma bakteria waingie kwenye damu, na wakishaenea katika damu ni wachache wanaopona. Dawa yake ni sindano za penisilini, na ya kwanza ingechomwa sasa hivi.

“Ungenidanganya mpaka kesho saa mbili,” daktari alisema, “mimi ningekukata.”

Mdoe aligeukia ukutani. Daktari alipoondoka, alimwambia mkewe kwamba amemvua nguo mbele ya watu.

“Heri nikuvue mimi kuliko wakuvue waosha maiti,” Zamda alisema, akamvuta blanketi mpaka mabegani.

Asubuhi iliyofuata Zamda alikwenda maabara bila kuitwa. Alitaka kujua kama kuna hakika. Grasiana alilipenda swali hilo. Alisema kuona mara moja hakutoshi. Kuna bakteria wengine wa udongoni wanaofanana na hawa kama ndugu, na wao si wa kuogopwa sana. Ndiyo maana jana aliwapanda.

Alifungua sanduku la chuma lililokuwa na joto sawa na la mwili wa mtu, akatoa kimoja cha vile visahani. Kile kitu chekundu kilikuwa uji mzito wa mwani uliochanganywa na damu ya kondoo. Hicho ndicho chakula chao. Jana kilikuwa kitupu. Leo kilikuwa na madoa ya kijivu, makavu, yenye ukingo uliotimka kama nywele zisizochanwa. Kila doa lilianza na bakteria mmoja, na usiku mmoja tu ulimtosha kuzaa mamilioni.

“Kumbe ninyi ni wakulima,” Zamda alisema.

“Wakulima wa magugu,” Grasiana alijibu. “Tunayaotesha ili tuyajue.”

Akamwonyesha namna ya kuyatofautisha. Wale ndugu wa udongoni huyeyusha damu, na kuzunguka doa lao hubaki duara jeupe. Hawa hawakuyeyusha kitu. Wale huogelea kwenye tone la maji. Hawa walitulia. Mwisho alimwonyesha kisahani cha pili, ambacho katikati yake alikuwa ameweka kiduara cha karatasi kilicholoweshwa penisilini. Kisahani chote kilikuwa kimeota, isipokuwa kuzunguka karatasi. Hapo palikuwa safi, kama uwanja uliofagiwa. Dawa ilikuwa imewashinda.

Zamda alikitazama kisahani kile muda mrefu. Mumewe alikuwa na sindano ya dawa hiyo mwilini. Alimtazama pia yule mwanamke mfupi, mtoto wa mkata mkonge, aliyeweza kukihoji kitu kisicho na mdomo na kikajibu kweli. Alitamani binti yake Mwaija angekuwepo.

Kisha akauliza kuhusu nyama. Yeye aliichemsha sana, karibu nusu siku. Je, bado ina madhara? Grasiana alisema bakteria hawa wana hila. Damu ya mnyama ikimwagika na kupata hewa, bakteria hujifunga ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayongoja mvua. Wakiwa humo, huweza kustahimili jua, moshi, na hata maji yanayochemka kwa muda. Ardhini huishi miaka mingi. Mtu anayetegemea moto wa jikoni anabahatisha. Na kabla ya kuipika ameishika, ameikata, amemkalisha mtoto karibu nayo.

“Nyama ile ikazikwe,” Grasiana alisema. “Yote. Na kila aliyeigusa aonwe.”

Daktari alimpelekea Dunstan ujumbe. Mchana huo Dunstan na Zamda waliondoka kwenda Kwamtogo kwa Landrova ya mifugo, pamoja na mganga msaidizi aliyebeba sindano. Walimkuta Mbaruku amelala barazani kwake. Alikuwa na kidonda cheusi shingoni, mahali paja la Kazi lilipolala, na shingo imevimba mpaka hawezi kugeuka. Watu watatu zaidi walikuwa na vipele mikononi, na mtoto mmoja alikuwa na homa na tumbo. Mbaruku na mtoto walipakiwa kwenye gari. Wengine walianza sindano pale pale.

Mkutano uliitwa jioni hiyo. Dunstan alisimama akaanza kusoma sheria ya mifugo. Watu wakainamisha vichwa. Zamda alivijua vichwa vile. Vikiinama hivyo, nyama hupanda darini kabla ya giza.

Mzee Sadala alisimama. Alisema yeye ameila nyama ile siku sita na yuko hapa. Watoto wamekonda kwa njaa. Mdoe amechomwa na mwiba, Mbaruku ana jipu, na hospitali haiwezi kukosa jina la kuuita ugonjwa. Wengi waliguna kumuunga mkono.

Zamda aliomba nafasi. Hakuwa amewahi kusema mkutanoni kabla ya siku hiyo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Sikuombi uniamini. Mimi ni mwanamke tu niliyeonyeshwa kitu kwenye kioo. Nenda ukaone mwenyewe. Bwana mifugo akate kipande kutoka jikoni kwako, uende nacho Korogwe, ukae pale mpaka majibu yatoke. Kama hakuna kitu, nyama ni yenu, na mbuzi wangu wawili nitawatoa mle juu yake. Ila mpaka urudi, nyama yote ikae ghalani, na ufunguo uwe mfukoni kwako.”

Watu walitazamana. Mbuzi wawili wa Zamda walijulikana. Mzee Sadala alicheka, akasema tangu lini mwanamke akaweka mbuzi rehani kwa ajili ya vijidudu. Lakini akina mama hawakucheka. Mama wa yule mtoto mgonjwa alikuwa ameshaondoka na gari, na kiti chake kilikuwa wazi. Mmoja wao aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na fungu lake limefungwa kwenye gunia. Wa pili akafuata. Mpaka jua linazama, ghala lilikuwa na mabaki ya mafungu thelathini na tisa. Matatu yalikuwa yameshaliwa yakaisha. Dunstan alisimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni, na hakuna aliyepita bila kunawa mpaka viwikoni.

Mzee Sadala alikwenda Korogwe. Alikwenda kama mtu anayekwenda kushinda kesi.

Grasiana alimwamkia kwa heshima, akampa kiti. Kisha akamwambia akanunue kipande cha nyama ya mbuzi sokoni, kwa mchinjaji yeyote ampendaye. Mzee alishangaa, lakini alikwenda. Aliporudi, Grasiana alimwekea visahani viwili mbele yake. Kimoja kingepandwa nyama yake ya jikoni. Kingine kingepandwa nyama ya sokoni. Vyote vingepewa chakula kimoja na kulala kwenye joto moja.

“Usije ukasema nimevibadilisha,” alisema. “Weka alama yako, mzee.”

Alimpa penseli ya nta. Mzee Sadala alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, mwezi wa nne huo. Aliandika S kwenye kisahani cha nyama yake. Ilimchukua muda, na ilitoka imelala kidogo, lakini ilikuwa S.

Grasiana aliloweka vipande vyote viwili kwenye maji safi. Kisha yale maji aliyapasha moto, mpaka bakteria wa kawaida wafe. Mzee alisema kwa furaha kwamba basi na hao wa kimeta watakufa. Grasiana alimwambia wangoje waone. Walipanda visahani, wakavitia kwenye sanduku la joto, na mzee akaenda kulala kwa jamaa zake.

Kesho yake alifika kabla mlango haujafunguliwa. Grasiana alitoa visahani, akaviweka juu ya meza, akaondoa mkono.

Kisahani cha nyama ya sokoni kilikuwa kitupu kabisa. Kwenye kile cha S, madoa ya kijivu yalikuwa yameota kila mahali, makavu, yenye ukingo wa nywele. Mzee alikisogelea. Alisoma alama, akasoma tena.

“Huu uoto umetoka jikoni kwangu?”

“Kisahani kina alama ya nani?”

Grasiana alipaka doa moja kwenye kioo, akalitia rangi, akamwonyesha kwenye hadubini. Akaweka pembeni yake kioo cha kidonda cha Mdoe, akamwonyesha na hicho. Mzee alihama kutoka kioo kimoja kwenda kingine, mara tatu. Vijiti vilikuwa vilevile. Yule aliyemvimbisha mtoto wa ndugu yake ndiye aliyekuwa akikauka moshini juu ya mafiga yake.

Aliuliza kama anaweza kunawa mikono. Alinawa. Alikaa kidogo, akasimama akanawa tena. Kisha aliomba apelekwe wodini.

Mdoe alikuwa ameketi kitandani, na Zamda, aliyerudi Korogwe pamoja na mzee, alikuwa kando yake. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na vidole vilikuwa na mikunjo tena. Mzee alisimama miguuni pa kitanda. Alisema agizo lile alilitoa yeye, na uongo ule alimbebesha yeye, na haukuwa mzigo wa Mdoe. Halafu alimgeukia Zamda, akamwambia mbuzi wake waendelee kula majani.

Nyama ya Kazi ilizikwa siku iliyofuata, pamoja na ngozi aliyokuwa akiingoja Mbaruku kutengenezea kitanda. Wanaume walichimba shimo la kina cha mtu mrefu na zaidi, mbali na kisima. Udongo uliomwagikiwa damu shambani ulichomwa moto, ukachotwa, ukatiwa humo humo. Dunstan alimwaga chokaa nyingi juu, wakafukia, wakazungushia miiba. Ng’ombe na mbuzi wote walichanjwa, na Uhuru akiwa wa kwanza, kwa sababu alikuwa hana mbio. Kwenye kisomo, mwalimu aliandika ubaoni sentensi mpya, na watu wazima wakaiandika mara kumi kumi: Mnyama akianguka ghafla, usimchinje, usimchune. Mwite bwana mifugo.

Mbaruku alirudi baada ya siku kumi na sita. Mtoto alirudi kabla yake. Mdoe alibaki na kovu kubwa kama sarafu ya shilingi. Siku aliyoruhusiwa, alipita maabara akaomba kuwaona waliotaka kumuua. Alipowaona, alisema ni wadogo mno kwa kiburi walichonacho.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, mtamba wa Mdoe mwenyewe alianguka nyuma ya nyumba. Alikuwa ng’ombe wake wa pekee, na tumboni alikuwa na ndama. Watu walikuja mbio. Wengine walipiga kelele za zamani, kisu, Mdoe, kisu, angali na roho. Mdoe alikuwa na kisu kiunoni. Alimtazama mtamba akihema, naye alikuwa akilia. Hakumgusa. Mnyama alipokufa, aliweka miiba kumzunguka, akaketi na fimbo kufukuza mbwa. Akamtuma Mbaruku kwa baiskeli.

Dunstan alifika saa sita baadaye. Hakumpasua mnyama. Alitoboa mshipa mdogo wa sikio, akapata tone moja la damu, akalipaka kwenye kioo, akalifunga na kuliandika jina. Kioo kilikwenda Korogwe, na mnyama akazikwa bila kuchunwa.

Majibu yalirudi baada ya siku tatu, yakiwa na mwandiko wa Grasiana. Hakukuwa na kimeta. Huenda safari hii alikuwa nyoka kweli.

Jioni hiyo Kwamtogo haikukalika. Watu walisema nyama nzuri imeozeshwa ardhini bure. Walimsema Mdoe, wakamsema Dunstan, wakamsema mwanamke wa maabara na vioo vyake. Mbaruku alisema kuliko wote, akigeuza shingo huku na huku. Zamda alikuwa mlangoni, akichambua mboga na kuwasikiliza. Nyumba za kijiji zilikuwa bado arobaini na mbili, na hakuna hata moja iliyopungukiwa na mtu wa kunung’unika.